Tovuti ya klabu ya wanafunzi: anza na mkutano ujao, rangi baadaye

Klabu ikiamua kuunda upya tovuti yake, mjadala wa kwanza huwa rangi na nembo. Mimi huanza na tarehe. Mwanafunzi anayeifungua kwa mara ya kwanza ana maswali matatu: mnakutana lini, wapi, na je, mtu asiyemjua yeyote pale anaruhusiwa kuja? Asipoyaona majibu kwenye kioo cha simu kabla ya kusogeza ukurasa, anaufunga.

Kwa hiyo juu kabisa, pale panapowekwa picha kubwa na maneno "Karibu kwenye tovuti yetu", weka kitu kama hiki:

"Jumatano 14 Mei, saa 11:00 jioni hadi saa 12:30. Chumba B12, ghorofa ya pili. Tutaunda roboti inayofuata mstari. Huhitaji kujua wala kuleta chochote, njoo tu."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoleta watu, kwa sababu mgeni anaogopa zaidi kuonekana hajui kuliko kukosa muda. Chini yake kitufe kimoja, "Nitakuja", na kiungo cha kuingiza mkutano kwenye kalenda ya simu. Faili la kalenda, lile lenye mwisho wa .ics, hutumia mtindo wa saa 24, kwa hiyo saa 11 jioni huandikwa 17:00. Ukiandika 11:00, simu itampigia mwanachama kengele saa 5 asubuhi.

Kinachoua tovuti za klabu kuliko kitu kingine ni tukio lililopita kubaki pale juu. Mgeni akikuta tangazo la miezi minane nyuma, anaona klabu imekufa, hata kama juzi ukumbi ulifurika. Usimtegemee katibu akumbuke kuliondoa. Matukio yote yakae kwenye jedwali moja lenye jina, tarehe, saa, mahali na maelezo, na ukurasa uchague wenyewe lililo karibu ambalo halijapita. Likikosekana, itokee sentensi mbadala: "Mikutano itaanza tena muhula ujao. Tuachie baruapepe, tutakujulisha." Kama tovuti ni ya kurasa tuli, yaani zilizotengenezwa mapema na kuhifadhiwa kama faili, kumbuka kwamba uchaguzi huo hufanyika wakati wa kuijenga tu. Ipangie kujijenga upya kila usiku, au iache kazi hiyo ifanywe na kivinjari cha msomaji. Bila hivyo, tukio la jana litaendelea kung'ara mpaka mtu abadilishe kitu kingine.

Fomu ya kujiunga iwe na jina na baruapepe au namba ya simu, basi. Kozi, mwaka wa masomo na "kwa nini unataka kujiunga" vitaulizwa mtu akishafika. Maandishi ndani ya visanduku yasipungue pikseli 16, maana yakiwa madogo, Safari, kivinjari cha iPhone, huukuza ukurasa mara kisanduku kinapoguswa, na nusu ya fomu hupotea pembeni. Vitufe viwe na kimo cha pikseli 44 au zaidi. Na mtu akishatuma, mwambie nani atamwandikia na lini. "Asante" peke yake inamwacha hewani.

Picha ndizo mzigo mkubwa. Picha moja ya simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa megabaiti 4. Kumi tu zinakula megabaiti 40 za bando la mgeni. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200, zihifadhi kama WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200. Taja upana na kimo cha kila picha kwenye msimbo, la sivyo maandishi yataruka picha zinapowasili na mtu atagusa kitufe asichokikusudia. Chagua picha za mikono ikiwa kazini badala ya safu ya watu walioshika vyeti, na uombe ridhaa ya wanaoonekana.

Rangi? Zozote, ilimradi maandishi yasomeke. Viwango vya WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti itumike na watu wote, vinadai utofauti wa mwangaza kati ya maandishi na mandharinyuma wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu #999999 juu ya nyeupe, ambacho wabunifu wengi wanakipenda, hakifiki hata 3.

Anwani za kurasa za zamani zielekezwe kwenye mpya kwa msimbo wa 301, unaoiambia kompyuta kwamba ukurasa umehama moja kwa moja, kwa sababu viungo vilivyokwisha kusambazwa havirudi.

Mwisho, umiliki. Kikoa, yaani jina la tovuti kwenye intaneti, kisajiliwe kwa baruapepe ya klabu, kamwe si ya mwanafunzi atakayehitimu. Nywila ziwe mikononi mwa viongozi wawili, na tarehe ya kulipia kikoa iwe kwenye kalenda yao wote. Kabla ya kuizindua, mpe kiongozi mpya simu na umwombe aongeze tukio bila msaada. Akishindwa ndani ya dakika 10, tovuti bado haijawa tayari.