Siri si faragha

Mpwa wangu ana miaka 16, na likizo hii anaitazama upya tangu mwanzo tamthilia ya Pretty Little Liars, ya wasichana wanaotishwa na mtu asiyejulikana anayejiita A. Jioni moja alikuwa amejilaza mkekani, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, akaniambia: "Shangazi, hawa wasichana wamejitakia. Wangezitoa siri zao mapema, A asingewaweza." Mama yake akadakia kutoka jikoni: "Ndiyo hivyo. Mficha uchi hazai."

Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na si kuhusu tamthilia tu. Nimeisikia saluni, msibani, hata kwa watu wanaotoa nasaha kwa vijana. Kila ambacho mtu hajakitangaza kinaitwa siri, na mwenye siri anahesabiwa kuwa na hatia ya kiasi fulani. Tuliache neno moja libebe mzigo wake, lisibebe na wa jirani.

Siri ni jambo ambalo mtu anazuia wengine wasilijue. Faragha ni sehemu ya maisha yake ambayo wengine hawana haki ya kuiingia, hata kama wanajua ipo. Bafu la uani lina pazia la kanga kuukuu. Mtaa mzima unajua nyuma ya pazia mtu anaoga, kwa hiyo siri haipo. Lakini ole wake atakayelifunua.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, ila kila moja limetoka nyumba yake. Siri ni "sirr", kilichofichwa ndani. Washairi wetu bado wanatumia wingi wake, asrari. Kwa Kiswahili limetanuka mpaka likawa na maana ya ujanja au sababu isiyojulikana, ndiyo tunasema siri ya mafanikio, siri ya pilau ya bibi. Faragha nayo imetoka kwenye uwazi: mahali patupu, wakati usio na shughuli, nafasi. Wazee wanaposema "nikipata faragha nitakuja" hawana la kuficha, wanasema wakipata nafasi. Maana ya kukaa peke yako pasipo jicho la mtu imeota juu ya shina hilo. Faragha ni nafasi ya mtu kupumua, na ndani ya nafasi hiyo si lazima pawe na kitu chochote kilichofichwa.

Kuna na ndugu yao wa tatu, sitara, ambaye watu wa Pwani wanamjua vizuri kuliko sisi wa bara. Nguo inakusitiri, nyumba inakusitiri, rafiki mwema anakusitiri aibu yako. Kusitiri ni kufunika kwa heshima ya mwenye kitu. Kuficha kunaweza kuwa kwa faida ya mwizi. Lugha yenye maneno haya yote haina sababu ya kuchanganya.

Na bado tunachanganya. Tunasema kura ya siri, ilhali aliye ndani ya kile kibanda hafanyi kosa. Namba ya siri sina ugomvi nayo, maana ile kweli haifai kujulikana na mtu mwingine. Linaloniumiza ni hili la "sehemu za siri". Magazeti yanaandika hivyo, walimu wanasema hivyo, mama anayemwogesha mtoto wa miaka minne anasema hivyo. Kisha jioni mama huyohuyo anamwambia mtoto: mtu mzima akikwambia mna siri yenu, njoo uniambie. Mtoto afanye nini? Ameshafundishwa kwamba mwili wake wenyewe ni siri, na siri haitolewi. Atakayemshika vibaya anamkuta ameshaandaliwa, kazi yake imebaki kusema "hii ni siri yetu". Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 16, inataja haki ya faragha na ya usalama wa mtu, mambo mawili katika kichwa chake kimoja. Neno lipo, limeandikwa, linaeleweka. Sijui kwa nini hatumpi mtoto.

Sasa turudi kwa wasichana wa mpwa wangu. Tamthilia ilirushwa Marekani kuanzia 2010 hadi 2017, misimu saba, katika mji wa kubuni uitwao Rosewood, jimbo la Pennsylvania. Alison, kiongozi wa kundi, anatoweka. Marafiki zake wanne, Aria, Emily, Hanna na Spencer, wanaanza kupokea ujumbe kutoka kwa mtu anayejiita A, anayejua mambo yao yote. Watazamaji wanasema A ana siri zao. Fungua hicho kikapu utoe kimoja kimoja.

Siku ile Alison alipotupa fataki kwenye banda la kina Toby, na Jenna, dada wa kambo wa Toby, akapofuka macho, wote walikuwepo na wote wakanyamaza. Hiyo ni siri hasa. Kuna mtu ameumizwa na anadaiwa ukweli. Spencer kushindana kwa insha iliyoandikwa na dada yake, hiyo pia siri, ingawa ndogo. Kwa haya mpwa wangu yuko sahihi: wangesema.

Emily kumpenda msichana mwenzake, Maya, si siri ya aina hiyo. Hajamdhulumu mtu, hakuna anayemdai taarifa. Ni faragha yake, na wakati wa kusema ni wake. Hapa ndipo maneno mawili yanapokutana, na naomba msomaji asimame kidogo. Faragha ni ya mwenyewe; akimfungulia mtu mmoja, kwa huyo aliyefunguliwa inageuka siri, yaani amana. Ndiyo maana tunasema daktari anatunza siri za mgonjwa. Mgonjwa hana siri, ana faragha. Daktari ndiye mwenye siri ya kutunza. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata imeingia mtungini kwa sababu mtungi uliachwa wazi kwa ajili yake. Alison alizijua hisia za Emily kwa kuwa alikuwa karibu naye, akazifanyia dhihaka. Aliyevunja kitu hapo ni Alison. Ukisema "Emily angetoa siri yake" unahamisha kosa la kata unamtwika mtungi.

Aria ana mawili, yote ya watu wazima. La kwanza ni la baba yake aliyekuwa na uhusiano nje ya ndoa. Aria alimfuma, akaachiwa yeye kunyamaza ili nyumba isivunjike. La pili ni Ezra, mwalimu wake wa Kiingereza. Tamthilia inalipamba kama penzi, na wasichana wengi wamelishangilia. Mimi silishangilii. Mwanafunzi anaambiwa anyamaze kulinda kazi ya mwalimu, na msimu wa nne tunagundua kwamba mwalimu alimjua tangu mwanzo, alikuwa anaandika kitabu kuhusu Alison. Siri ilikuwa ya Ezra. Aria alipewa aibebe.

Lakini anayenigusa zaidi ya wote ni Toby. Fataki haikurushwa na Toby, ila yeye ndiye aliyekubali kosa na kupelekwa kwenye shule ya kurekebisha tabia. Kwa nini? Alison alimwambia akikataa atawatangazia watu kilichokuwa kinaendelea kati yake na Jenna, dada yake wa kambo. Baadaye tunajua kwamba Jenna ndiye aliyekuwa akimlazimisha. Mtu aliyedhulumiwa anatishiwa kwa dhuluma aliyofanyiwa, na mji mzima unamwona ndiye mtu wa kutisha. Kile kiwewe chake, kule kutembea ameinamisha kichwa na kujibu kwa neno moja, watazamaji wengi walikisoma kama dalili ya hatia. Nguvu ya Alison haikutoka kwenye ujuzi wa mambo. Ilitoka kwa watu wa Rosewood, ambao alijua wakisikia watauliza "kumbe alikuwa anaficha nini?" kabla ya kuuliza "nani alimfanyia?" A alirithi silaha hiyohiyo. Na A wa kwanza, Mona, alikuwa msichana ambaye Alison alimcheka miaka yote shuleni. Alijifunza silaha hiyo akiwa upande wa kupigwa nayo.

Kwa hiyo mama wa mpwa wangu anisamehe, methali yake ni nzuri ila ameipeleka nyumba isiyo yake. Mficha uchi hazai ni ushauri kwa mgonjwa anayeona haya kumweleza mkunga tatizo lake. Humo chumbani kuna mlango umefungwa na mtu mmoja aliyeaminiwa. Haimwambii mtu ajivue sokoni.

Nilimweleza mpwa wangu haya, si kwa urefu huu. Alisitisha tamthilia, akafikiri, akasema, "Lakini Shangazi, Toby alikuwa na siri kubwa kuliko wote." Nikamwambia hapana mwanangu, Toby hakuwa na siri. Jenna ndiye aliyekuwa nayo.