Nikeli ya kiwandani: maana yake kwa mnunuzi wa revolva kongwe za mtutu mfupi

Nikeli ya kiwandani ni utando wa madini ya nikeli ambao bastola ilipewa na kiwanda kilichoiunda kabla haijauzwa kwa mara ya kwanza, na ambao haujaondolewa wala kurudiwa tangu hapo. Kwa mtu anayekusanya revolva za zamani za Marekani zenye mtutu mfupi, yaani bastola za silinda ya kuzunguka ambazo mtutu wake una urefu wa inchi 2 hivi, maneno hayo ndiyo yanayoamua bei. Bastola mbili za modeli moja na za umri mmoja, zinazong'aa sawasawa machoni, huweza kuachana sana kwa thamani kwa sababu tu utando wa moja ni ule wa awali na wa nyingine umewekwa na fundi miaka mingi baadaye.

Nikeli haikuanza kama pambo. Katika karne ya 19 risasi zilitumia baruti nyeusi, ambayo masizi yake hunyonya unyevu na kula chuma upesi, na bastola fupi ilikuwa na shida ya ziada kwa kuwa ilikaa mfukoni, karibu na jasho la mwenyewe. Mwaka 1869 Isaac Adams wa Boston alipata hataza ya njia ya kupaka nikeli kwa umeme, na viwanda vya silaha viliuona mara moja ubora wa utando huo kuliko rangi ya samawati-nyeusi iliyozoeleka, ambayo haizuii kutu kwa kiwango hicho. Ndiyo maana Smith & Wesson wa Springfield, Massachusetts, walitoa kwa nikeli sehemu kubwa ya bastola zao za mfukoni, zikiwemo Safety Hammerless za kuanzia 1887 ambazo nyundo yake imefichwa ndani ya fremu. Viwanda vya Iver Johnson na Harrington & Richardson navyo viliuza kwa wingi bastola za bei nafuu zenye mng'ao huo huo. Baadaye baruti isiyo na moshi ilipunguza haja hiyo, hivyo Detective Special ya kiwanda cha Colt ya 1927, yenye nafasi 6 za risasi, na Smith & Wesson Chiefs Special ya 1950, yenye nafasi 5, hupatikana zaidi zikiwa za samawati. Uchache wa zile za nikeli ndio uliowapa watu sababu ya kuzipaka upya zile za kawaida.

Utambuzi huanza kwa kuifungua silinda na kuhakikisha haina risasi, kisha kuitazama bastola kwenye mwanga wa jua. Nikeli ina wekundu-njano wa mbali sana, kama fedha iliyopashwa joto kidogo, ilhali krome huelekea ubuluu wa baridi. Bastola kongwe yenye krome mara nyingi imepita mikononi mwa fundi. Baada ya rangi, tazama kingo na maandishi, na hapo usifanye haraka. Fundi hawezi kupaka upya bila kwanza kusugua chuma kwa gurudumu, na gurudumu hilo huviringisha kingo zilizokuwa kali, hufifisha herufi za jina la kiwanda, na kuzifanya tundu za skrubu zizame kama visahani vidogo. Vishimo vya kutu vilivyofunikwa na mng'ao safi ni ushahidi mzito kuliko vyote, kwa sababu kutu haikuweza kula chuma chini ya utando kisha utando ukabaki mzima juu yake.

Kuna pia sehemu ambazo kiwanda hakikuzipaka. Katika bastola za Smith & Wesson za kuvunjika juu, yaani zinazofunguliwa kwa kuukunja mtutu chini kwenye bawaba, kikingio cha kifyatulio kwa kawaida kiliachwa na rangi ya samawati hata pale mwili wote ulipokuwa wa nikeli, na kifyatulio, pamoja na nyundo pale inapoonekana, vilibaki na mawimbi ya rangi yanayotokana na chuma kukazwa kwa moto. Fundi wa mtaani mara nyingi hakulijua hilo, akachovya kila kitu. Kipande kinachong'aa mahali ambapo hakikupaswa kung'aa hukueleza mengi kuliko maneno ya muuzaji.

Je, iwapo aliyepaka upya ni kiwanda chenyewe? Smith & Wesson walipokea bastola za wateja na kuzirekebisha, na kazi hiyo mara nyingi huonekana kwa alama ya nyota karibu na namba ya silaha au herufi R-N zilizogongwa kwenye fremu chini ya mpini. Kazi hiyo ni nzuri na ina historia yake, lakini si nikeli ya awali, na kwa maoni yangu muuzaji anayeita hivyo anamdhulumu mnunuzi.

Barua ya kumbukumbu za kiwanda, ambayo Colt na taasisi ya kihistoria ya Smith & Wesson huitoa kwa malipo, husaidia, ila lazima isomwe kwa makini. Barua husema bastola ilitoka kiwandani na rangi gani na mtutu wa urefu gani. Haisemi yaliyoipata baadaye. Ikitaja samawati, shauri limekwisha. Ikitaja nikeli, bado inawezekana kwamba nikeli ya awali iliondolewa na hii unayoiona ni ya pili. Urefu wa mtutu nao ulinganishwe na barua, kwa kupima kutoka ncha ya mbele hadi mahali mtutu unapokabiliana na silinda, kwa maana wapo waliokata mitutu mirefu na kufunika jeraha kwa utando mpya. Maandishi yaliyokatika au yasiyokaa katikati ya mtutu huifichua kazi hiyo.

Sheria ya silaha ya Marekani ya 1968 huihesabu bastola iliyotengenezwa 1898 au kabla yake kuwa ya kale na kuitoa katika masharti mengi ya shirikisho, na ile iliyofikisha miaka 50 ikiwa katika umbo lake la awali inaweza kununuliwa kwa leseni maalumu ya wakusanyaji. Majimbo yana sheria zake, baadhi kali zaidi. Namba ya silaha iliyofutwa au kubadilishwa ni kosa la jinai, na kwa kuwa kusugua kupita kiasi huweza kuila namba, bastola ya namba isiyosomeka iachwe hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Wakusanyaji hutaja asilimia ya utando uliobaki, na wengi, nami nikiwemo, tungechagua bastola yenye asilimia 70 ya nikeli yake ya awali kuliko iliyopakwa upya kikamilifu. Ukiipata ya namna hiyo, usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, wala usiisafishe kwa kiyeyusho chenye amonia, ambayo hupenya kwenye nyufa na, pale palipo na shaba chini ya nikeli, huila shaba hiyo hadi utando ukabanduka. Isihifadhiwe ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Sehemu iliyobanduka ipakwe mafuta mepesi kuzuia kutu, na iachwe kama ilivyo.