Baiskeli, gongo na kliniki: yanayosemwa Mtwara na ukweli wake

Watu wakijipanga kunyonga baiskeli kutoka Mtwara hadi Lindi ili kuwachangia waraibu na wagonjwa wa akili, maneno ni yaleyale vijiweni. Nimeyasikia Mikindani, nimeyasikia nyumbani kwetu. Mojawapo linaua, kwa hiyo naanza nalo.

"Mlevi mfungieni ndani, ataacha tu."

Msimu mmoja wa mabibo, kijana wa jirani aliyekuwa akianza na uraka, pombe ya mabibo, asubuhi na kumalizia na gongo usiku alifungiwa chumbani kwa amri ya mjomba wake. Kwetu mjomba akishasema, amesema. Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka hadi uji ukamwagikia kifuani. Usiku wa pili akaanguka kifafa, akajing'ata ulimi, na hakuwa na kifafa tangu azaliwe. Wakasema amepandisha jini.

Lilikuwa ni kosa la kumkatisha pombe ghafla. Ubongo uliozoea pombe kila siku kwa muda mrefu huchachamaa ukiikosa. Kutetemeka huanza ndani ya saa chache. Kifafa huja zaidi ndani ya siku 2 za mwanzo, na karibu na siku ya 3 mtu anaweza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Asipotibiwa anaweza kufa. Hospitalini hupewa dawa ya kutuliza kama diazepamu, inayopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Kwa hiyo anayekunywa kila siku apelekwe kwanza kwa daktari, ndipo habari ya kuacha ifuate. Nawaomba akina mjomba mnisikie kwa hili.

"Ugonjwa wa akili ni Mirembe, au mganga."

Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya taifa, lakini wagonjwa wengi hawahitaji kulazwa huko. Safari inaweza kuanzia hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, kama Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Wako wanaotulia kabisa kwa sindano moja ya kila mwezi. Anayetaka dua asomewe, ilimradi tarehe ya sindano isipite.

"Hizo baiskeli ni maonyesho, wangechanga hela wakaenda zao."

Swali hili ni halali. Mtwara hadi Lindi ni takriban kilomita 110. Ukimwahidi mwendeshaji shilingi 200 kwa kila kilomita, akifika unatoa 22,000. Asiyetoa hata elfu mbili akiombwa mkono mtupu, huzitoa akimwona mtoto wa mtaani kwake anahema kwenye mlima wa kutokea Mikindani. Na si jambo geni nchini: Kili Challenge imechangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI tangu 2002, wengine wakipanda Mlima Kilimanjaro, wengine wakiuzunguka kwa baiskeli.

Hata hivyo, fulana, maji ya chupa na gari la matangazo vinaweza kumaliza mchango wote. Kabla hujatoa, uliza kiasi gani kitafika kwa mgonjwa. Mimi ningeanza na nauli. Dawa hata ikitolewa bure, mtu wa kijijini kabisa atafikaje kliniki kila mwezi? Methadoni, dawa ya waraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Hesabu nauli za siku 30.

"Mazoezi yanakata ulevi." Yanasaidia usingizi na kupunguza sonona, ila hayachukui nafasi ya tiba.

"Akitoka soba hausi kapona."

Soba hausi ni nyumba wanakokaa waraibu ili waache ulevi. Hapa familia hulegea mapema mno. Uraibu hurudi kama pumu inavyorudi. Kwa mtumiaji wa unga, yaani heroini, hatari ni kubwa zaidi, maana baada ya wiki kadhaa bila kutumia, mwili umeshapoteza uzoefu. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata palepale. Ndiyo maana fedha za baiskeli zikilipia miezi ya kumfuatilia nyumbani zinafanya kazi kubwa kuliko hafla ya kumpokea.

Yule kijana wa jirani alipelekwa hospitali alfajiri ileile. Siku zake za kliniki, anayempakia kwenye keria ya baiskeli yake ya Phoenix hadi stendi ni mjomba wake.