Misitu ya Vijiji Dodoma: Yanayosemwa na Yalivyo

"Dodoma ni nusu jangwa, miti haioti." Katika yote yanayosemwa, hili ndilo linalotuumiza zaidi, kwa sababu ukishaliamini huoni kilichopo miguuni pako. Mvua ni chache kweli, takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na kiangazi ni kirefu. Lakini pita mashambani Chamwino au Mpwapwa kabla watu hawajaanza kulima. Visiki vimejaa, na vingi vina machipukizi. Mizizi yake iko hai na imeshaufikia unyevu ulio chini sana, ambako mizizi ya mche wa kitalu bado haijafika. Kila msimu tunayafyeka machipukizi hayo tukisafisha shamba, mbuzi wanamalizia yaliyobaki, kisha tunasema ardhi imekufa.

Njia ya kisiki hai inaanzia hapo. Chagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, kata mengine, pogoa matawi ya chini, kisha funga kitambaa cha rangi ili mchungaji ajue mti una mwenyewe. Huhitaji kununua mche wala kubeba ndoo ya maji. Niger, nchi kame kuliko kwetu, wakulima wamerudisha miti kwa njia hii kwenye takribani hekta milioni 5 tangu miaka ya 1980. Kupanda nako kuna nafasi yake, ila mche usio na wa kuumwagilia mwezi Agosti ni hasara tupu.

Wengine husema msitu utapona wanakijiji wakiondolewa, na ushahidi wao ni Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoliwa na makorongo. Uoto ulirudi, hilo halipingiki. Ila mzigo waliubeba wafugaji.

Msitu wa Duru-Haitemba, kule Babati, unaonyesha njia nyingine. Serikali ilipotaka kuufanya msitu ule hifadhi yake, watu walizidi kukata, maana waliona unawatoka mikononi. Katikati ya miaka ya 1990 vijiji 8 vikakabidhiwa usimamizi. Vikatunga sheria ndogo, vikafanya doria kwa vijana wao wenyewe, na msitu ukaanza kuwa mnene tena. Msitu wa Mgori, mkoani Singida, nao ukakabidhiwa vijiji vyake. Kwangu mimi hili linatosha: mtu hulinda anachojua ni chake.

Halafu kuna dhana kwamba msitu ukishahifadhiwa haukatwi hata mti mmoja. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kuvuna kwa mpango wa usimamizi. Jirani zetu wa Kilosa wana vijiji vinavyochoma mkaa kwa vitalu, yaani vipande vya msitu vinavyovunwa kwa zamu, kwa mzunguko wa miaka 24, ili kitalu kilichovunwa kipate muda wa kuchipua.

Na mapato je? Wengi hudhani yote huenda serikalini. Kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji, mmiliki ni kijiji, na ada na faini huingia kwenye mfuko wake. Msitu wa serikali unaosimamiwa kwa ubia na kijiji ni jambo jingine, na mgao wake hutegemea makubaliano. Hatari kubwa ninayoiona ni kamati ya maliasili isiyosoma hesabu hadharani. Mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopaswa kuidai hesabu hiyo, na kila mwanakijiji mtu mzima ana haki ya kusimama pale na kuuliza.