Ganzi ya mikono kwa waendesha baiskeli za mbio: shifta mpya husaidia wapi?

Mwendesha baiskeli ya mbio anapofika katika kitengo cha tiba ya viungo akilalamikia ganzi ya mikono, mara nyingi swali lake la kwanza halihusu mkono bali baiskeli: je, nikifunga shifta mpya, yaani vishikio vya usukani vya kubadilishia gia, hizi zenye breki na gia pamoja, ganzi itaisha? Swali hilo lina msingi, kwa sababu kiganja hukaa juu ya shifta kwa sehemu kubwa ya safari, na umbo lake lina uzito katika namna mkono unavyobeba kiwiliwili. Hata hivyo, kabla ya kuzungumzia bei na aina, sisi huuliza ni vidole gani hasa vinavyokufa ganzi.

Neva (mshipa wa fahamu) ya alna hupita upande wa kidole kidogo, kwenye kitako cha kiganja, ndani ya njia nyembamba ambayo daktari Mfaransa Guyon aliieleza mwaka 1861 na ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Mahali hapo neva haina kinga kubwa ya misuli, hivyo uzito wa mwili ukitua hapo kwa saa kadhaa juu ya barabara yenye mitikisiko, kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete huanza kuchomachoma kama vimetiwa sindano. Neva ya kati hupita katikati ya kifundo cha mkono na hubanwa zaidi kifundo kinapokunjwa kuelekea juu. Dalili zake hujitokeza kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati. Yapo pia maumivu ambayo hayatokani na neva, yaani uchovu wa misuli na kano za vidole unaosababishwa na kuvuta mara kwa mara wenzo wa breki ulio mbali au kusukuma gia iliyo nzito. Haya ya mwisho ndiyo ambayo shifta mpya huyapunguza kwa uhakika zaidi, ilhali ganzi ya neva hutokana zaidi na jinsi mtu alivyokaa.

Kwa miaka mingi vijiti vya gia vilifungwa kwenye bomba la chini la fremu, na mwendeshaji alilazimika kuachia usukani kwa mkono mmoja kila alipobadili gia. Mwaka 1990 Shimano, kampuni ya vifaa vya baiskeli, ilianza kuuza mfumo wa STI ulioweka gia na breki katika wenzo mmoja, na mshindani wake Campagnolo ikafuata na mfumo wake wa Ergopower mwaka 1992. Baiskeli za zamani zilizoingia kama mtumba, na ambazo bado zina vijiti vya kwenye fremu, huwa na vishikio vya breki vyembamba na vidogo, vinavyokusanya uzito wote mahali padogo pa kiganja. Mwenye baiskeli ya namna hiyo akihamia shifta za kisasa atahisi tofauti tangu siku ya kwanza, kwa kuwa umbo pana la shifta hizo hutawanya uzito na mikono haihitaji kutoka kwenye usukani.

Kwa aliye tayari na shifta za kisasa, hesabu ni nyingine. Mwenye viganja vidogo, wakiwamo wanawake wengi, atafute shifta yenye skrubu ya kusogeza wenzo karibu na usukani; akishausogeza, ni lazima waya wa breki urekebishwe, la sivyo wenzo unaweza kugusa usukani kabla breki haijashika. Breki za mafuta huhitaji nguvu ndogo ya vidole kuliko za waya, na nafuu hiyo huonekana zaidi kwenye mteremko mrefu. Mgonjwa wa baridi yabisi hufaidika na gia za umeme, ambazo Shimano iliziingiza mwaka 2009 katika Dura-Ace, mojawapo ya makundi yake (seti za shifta, breki na vihamisha cheni vinavyolingana), kwa kuwa humtaka abonyeze kitufe tu badala ya kusukuma wenzo hadi mwisho. Mwenye maumivu kwenye shina la kidole gumba akumbuke kwamba Campagnolo kwa miaka mingi imetumia kitufe cha upande wa ndani kinachosukumwa kwa kidole hicho hicho.

Kikwazo ni kulingana kwa vifaa. Kila kampuni ina urefu wake wa waya unaovutwa kwa hatua moja ya gia, na hata ndani ya Shimano, shifta ya gia 11 haiendani sawasawa na kihamisha cheni cha barabarani cha gia 10. Shifta za breki za mafuta nazo haziwezi kuvuta breki za waya. Ndiyo maana mtu huanza na nia ya kununua shifta peke yake na kuishia kununua karibu kundi zima. Kwa maoni yangu, kabla ya kufika huko, fundi abadilishe kwanza waya na maganda yake, kwa kuwa waya wenye kutu huifanya shifta nzuri ionekane mbovu. Na kama ni raba inayofunika shifta tu iliyochakaa, huuzwa peke yake.

Vilevile, pana jaribio lisilogharimu kitu. Ukikaa kama unavyoendesha, mwombe mtu akutazame kwa ubavu: mstari wa kigasha unapaswa kuendelea hadi mgongo wa kiganja bila kupinda kwenye kifundo. Shifta ikiwa imeinamia mbele, viganja huteleza na kubeba mzigo usio wao. Fundi ailegeze kwa alenki (ufunguo wa pembe sita), aghalabu ya milimita 5, aiinue kidogo, kisha aikaze kwa kipimo kilichotajwa na mtengenezaji, hasa kama usukani ni wa kaboni. Tandiko lililoinamisha pua hufanya kosa lile lile, kwani husukuma kiwiliwili chote mikononi, na hakuna shifta itakayolifidia.

Ganzi inayotoweka dakika chache baada ya kushuka kwenye baiskeli inaweza kusubiri marekebisho hayo. Lakini bana karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha mtu aivute: ikiwa kidole gumba kinalazimika kukunja kiungo chake cha mwisho ili kuizuia, au ikiwa nyama iliyo kati ya vidole hivyo viwili imebonyea, neva ya alna inaweza kuwa imeanza kudhurika. Mtu huyo aache kuendesha na afike hospitalini wiki hiyo hiyo, na baiskeli ibaki kwa fundi.