Je, wajua kwa nini komiki za Kanada za wakati wa vita hazipatikani hata ukiwa na hela?

Ukitaka komiki ya Marekani ya mwaka 1942, ukiwa na hela utaipata. Bei itakuuma lakini utaipata, minada ipo kila mara. Sasa jaribu kutafuta ya Kanada ya mwaka huohuo. Unaweza kukaa miaka na hela yako mfukoni unasubiri toleo moja tu litokee, na likitokea unakuta halina kava au kurasa za katikati zimechomoka, na bado watu wanaligombania. Wakati enzi zake lilikuwa linauzwa senti 10 kwenye kila kibanda cha magazeti!

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye dola. Kanada iliingia Vita ya Pili ya Dunia Septemba 1939, na shida ikawa hii: ilikuwa inanunua vitu kibao Marekani, huku inawauzia sana Waingereza ambao pauni yao kipindi kile ilikuwa haibadilishiki kirahisi kuwa dola. Dola za Marekani zikaanza kukata. Desemba 1940 serikali ya waziri mkuu Mackenzie King ikaleta sheria ya kubana fedha za kigeni, bidhaa yoyote kutoka Marekani isiyo ya lazima, marufuku. Komiki zikaingia kwenye orodha. Yaani mtoto wa Toronto aliyezoea kununua Superman kila mwezi akaenda dukani akakuta hola.

Pengo kama hilo wafanyabiashara hawaliachi. Machi 1941 kampuni ya Maple Leaf ya Vancouver ikatoa Better Comics, na Toronto nako Anglo-American ikaanza na yake. Agosti mwaka huohuo mchoraji Adrian Dingle na wenzake wakatoa Triumph-Adventure Comics, halafu Septemba Cy Bell, ambaye yeye na ndugu yake walikuwa na kampuni ya mabango ya biashara, akaingia na Wow Comics. Huyu Bell ndiye alikuja kuwa baba lao, maana kufikia 1943 kampuni yake ya Bell Features ilikuwa inauza zaidi ya nakala 100,000 kwa wiki ukijumlisha majina yake yote, kwenye nchi ya watu kama milioni 11 na ushee.

Wachoraji walikuwa wa kuokoteza, wengine wanafunzi kabisa. Leo Bachle alikuwa kijana mdogo tu alipomchora Johnny Canuck, aliyetoka Februari 1942 kwenye Dime Comics, rubani asiye na nguvu za ajabu zozote ila anampelekea moto Hitler kwa ngumi. Lakini anayetafutwa zaidi ni Nelvana, shujaa wa kike wa Dingle. Baba yake ni Koliak, mfalme wa mianga ile inayocheza angani huko kaskazini, mama yake binadamu wa kawaida, na mwenyewe anasafiri juu ya miale kwa kasi ya mwanga, anapotea machoni, anayeyusha chuma. Wazo lilitoka kwa mchoraji Franz Johnston aliyekuwa amerudi safari ya Aktiki na hadithi za Wainuiti. Kusema kweli Dingle alimgeuza akawa dada wa kizungu mwenye sketi fupi katikati ya barafu, sijui baridi ilikuwa haimpati, ila historia yake hainyang'anywi: alitoka miezi kadhaa kabla ya Wonder Woman.

Sasa ukiishika moja ndiyo unaelewa. Kava ina rangi kali, nyekundu na njano za kukuita kutoka mbali, ukifungua ndani ni nyeusi na nyeupe mwanzo mwisho, maana kuprinti rangi kulikuwa ghali na ni matoleo machache tu ya mwanzo yaliyojaribu. Ndiyo maana wakusanyaji wanaziita Canadian Whites. Karatasi ni ileile ya gazeti, imeshakuwa ya kahawia na ukingo unamomonyoka ukiugusa, pini za katikati zimeota kutu na kutu imekula karatasi. Na mara nyingi unakuta mtoto fulani wa 1943 kaamua kumalizia kazi ya kiwanda, kampaka Johnny Canuck suruali ya kijani kwa kalamu ya rangi. Kwenye komiki ya Marekani huo ni uharibifu na bei inaporomoka, ila kwenye hizi watu wamejifunza kumeza mate na kununua tu.

Turudi kwenye swali. Kama zilikuwa zinatoka laki na zaidi kwa wiki, zilienda wapi?

Kwanza vita yenyewe ilizila. Serikali ilikuwa inakusanya chakavu kwa ajili ya vita, chuma, mafuta ya kupikia, matambara, na karatasi, na watoto ndio waliopita nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Komiki iliyoshasomwa ilikuwa karatasi kama karatasi nyingine, mwisho wake kama gazeti la jana linapoishia kufungia karanga. Hata Marekani walifanya hivyo, ila wao walichapisha nyingi mno kiasi kwamba zilizobaki tu zinatosha soko.

Sababu ya pili ndiyo naona nzito kuliko zote, na haizungumzwi sana. Vita ilipoisha 1945 vizuizi vikaanza kulegezwa, komiki za Marekani zikarudi na rangi zake, na hizi za Kanada kufikia 1947 zikawa zimekufa zote. Mashujaa wake wakafa nazo. Superman na Batman wao waliendelea kutoka kila mwezi, kwa hiyo aliyekua nao akawa mtu mzima anataka yale matoleo ya utotoni, anatafuta, anapandisha bei, na bei ikipanda watu wanapekua stoo. Nelvana nani alikuwa anamtafuta mwaka 1960? Hakuna. Mama akisafisha dari akikuta boksi la Wow Comics anatupa na roho safi. Kama miaka 25 hivi hakukuwa na sababu yoyote ya kuzitunza, na karatasi ya namna ile haisubiri miaka 25 bila mtu wa kuijali.

Mambo yalibadilika 1971, vijana wawili Michael Hirsh na Patrick Loubert walipotoa kitabu kuhusu komiki hizi. Mwaka huohuo wakaanzisha kampuni ya katuni pamoja na Clive Smith wakaiita Nelvana, na kama uliwahi kuangalia Franklin yule kobe kwenye TV basi yule dubu mweupe kwenye nembo ni wao. Mwaka 1995 posta ya Kanada ikamtia Nelvana kwenye stempu pamoja na Johnny Canuck. Sehemu kubwa ya mali ya Bell iko kwenye maktaba na hifadhi ya taifa Ottawa, maana yake haiingii sokoni kamwe. Kama shida yako ni kusoma tu, hadithi za Nelvana zilichapwa upya 2014, nunua hiyo uokoe mfuko.

Angalizo kwa wanaotaka kuanza: ukiona Captain Marvel (yule wa zamani wa kampuni ya Fawcett, siyo wa kampuni ya Marvel) ya miaka hiyo nyeusi na nyeupe usidhani ni feki. Anglo-American walikuwa wananunua hadithi kutoka kampuni ya Fawcett ya Marekani halafu wachoraji wa Toronto wanazichora upya, hivyo hadithi ni ya Marekani ila mkono ni wa Kanada.

Na kwa mfuko mwepesi kuna mlango mwingine kabisa, komiki za Marvel za 1982 mpaka 1986. Nakala za vibandani za Kanada zilichapwa na bei ya senti 75 kwenye kava wakati za Marekani zilikuwa senti 60, baadaye 65, kila kitu kingine kilekile, na kwa vile soko la Kanada ni dogo zipo chache. Amazing Spider-Man namba 238 ya Machi 1983, anapotokea adui yake Hobgoblin mara ya kwanza, ikiwa na 75 pale kwenye kona watu wanaikimbilia. Ila soma na mwaka, maana baadaye Marekani nao walipandisha bei yao ikawa senti 75, na kuna wauzaji wanaokuwekea ya 1987 hapo huku wanatabasamu.