Mwendelezo na Derivativi za Fanksheni za Vipande: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Fanksheni ya vipande ni fanksheni moja inayofuata kanuni tofauti katika sehemu tofauti za mstari wa namba. Ndani ya kila sehemu kazi huwa nyepesi, kwa kuwa kanuni iliyopo mara nyingi ni polinomia ambayo mwanafunzi ameizoea. Ugumu uko kwenye kiungio, yaani ile namba ambapo kanuni moja inakoma na nyingine inashika zamu. Hapo wengi hukosea kwa sababu moja: hulijibu swali kwa kuzitazama kanuni, wakasahau kurudi kwenye maana ya mwendelezo (grafu kutokatika) na maana ya derivativi (mteremko wa grafu kwenye nukta).

Wapo wanaodhani kwamba kikomo, yaani namba ambayo thamani za fanksheni zinaikaribia, kikiwepo, mwendelezo nao upo. Ukweli ni kwamba f ina mwendelezo kwenye c iwapo f(c) ipo, kikomo cha kutoka kushoto na kile cha kutoka kulia vipo na vinalingana, na kikomo hicho ni sawa na f(c) yenyewe. Sharti la mwisho ndilo linaloachwa njiani. Tuseme f(x) = x + 3 pale x isipokuwa 3, na f(3) = 10. Thamani za pande zote mbili zinaikaribia 6, na kwa hiyo kikomo kipo, lakini mahali penyewe pamewekwa 10, hivyo mwendelezo haupo.

Dhana inayohitaji kuchunguzwa kwa utulivu zaidi ni hii: ukitafuta derivativi ya kila kipande, ukaweka namba ya kiungio, na majibu mawili yakalingana, basi fanksheni ina derivativi hapo. Ni dhana inayovutia kwa sababu mara nyingi huleta jibu sahihi. Lakini chukua f(x) = x² pale x ≤ 1, na f(x) = 2x + 1 pale x > 1. Derivativi ya kipande cha kushoto ni 2x, ambayo kwenye 1 inatoa 2. Ya kipande cha kulia ni 2 moja kwa moja. Mwanafunzi anaandika f′(1) = 2 na kufungua ukurasa unaofuata. Hata hivyo f(1) ni 1, ilhali kutoka kulia thamani za fanksheni zinaikaribia 3, kwa hiyo grafu inaruka. Tukirudi kwenye maana, derivativi ni kikomo cha mgawo (f(1 + h) − f(1))/h pale h inapokaribia 0. Kwa h chanya, f(1 + h) ni 3 + 2h. Tukitoa 1 na kugawa kwa h, tunapata 2/h + 2. Kwa h = 0.1 mgawo ni 22, kwa h = 0.01 ni 202, na kwa h = 0.001 ni 2002. Unakua bila mpaka, na hakuna derivativi yoyote hapo. Kilichotokea ni kwamba derivativi ya kanuni 2x + 1 inapima mteremko wa mstari unaoanzia urefu wa 3, ilhali nukta ya kweli ya grafu iko kwenye urefu wa 1, na kanuni ya kulia haina habari yoyote kuhusu nukta hiyo.

Hii haina maana kwamba kulinganisha derivativi za vipande ni njia ya kutupwa. Ni njia halali yenye sharti: f iwe na mwendelezo kwenye c kwanza. Sharti hilo likitimia, na derivativi za pande zote mbili zikiikaribia namba moja L, basi f′(c) ipo na ni L. Uthibitisho wake unategemea nadharia ya thamani wastani, inayosema kwamba kati ya nukta mbili za grafu isiyokatika na yenye mteremko kila mahali katikati, pana mahali ambapo mteremko unalingana na ule wa mstari ulionyooka unaoziunganisha nukta hizo. Ndiyo maana katika swali la kutafuta a na b zinazoifanya fanksheni iwe na derivativi, milinganyo inayohitajika ni miwili. Kwa f(x) = ax + b pale x < 2 na f(x) = x² + 1 pale x ≥ 2, mwendelezo unadai 2a + b = 5, na kulingana kwa miteremko kunadai a = 4; kwa hiyo b = −3. Anayetumia mlinganyo wa mteremko peke yake anabaki na mistari isiyo na idadi, yote sambamba na tanjenti ya parabola (mstari unaoigusa ukiwa na mteremko wake) kwenye x = 2, na ni mmoja tu kati yake unaoifikia nukta (2, 5).

Kosa jingine hutokea pale kipande kimoja kinapokuwa nukta moja tu. Tuchukue g(x) = (x² − 9)/(x − 3) pale x ≠ 3, na g(3) = 6. Mwanafunzi anaona 6, anakumbuka kwamba derivativi ya namba isiyobadilika ni 0, kisha anaandika g′(3) = 0. Lakini fanksheni hii ni x + 3 kila mahali, na g′(3) ni 1. Thamani ya nukta moja haina mteremko wake. Derivativi hutokana na jinsi nukta hiyo inavyohusiana na zile zinazoizunguka.

Kuna pia kosa la upande wa pili, nalo huwapata hata wanaojua nadharia iliyotajwa hapo juu ya kulinganisha derivativi za vipande: kudhani kwamba derivativi za jirani zisipokuwa na kikomo, derivativi kwenye kiungio haipo. Fikiria f(x) = x² sin(1/x) pale x ≠ 0, na f(0) = 0. Nje ya 0 derivativi ni 2x sin(1/x) − cos(1/x), ambayo karibu na 0 inayumba kati ya thamani zilizo karibu na −1 na 1 bila kutulia. Hata hivyo mgawo unaotokana na maana ya derivativi, (f(h) − f(0))/h, ni h sin(1/h), ambao daima uko kati ya −|h| na |h|, na kwa hiyo f′(0) = 0. Nadharia ile inaelekea upande mmoja tu.

Kuhusu imani kwamba mwendelezo unatosha kuleta derivativi, |x| inaikanusha: kwenye 0 mgawo ni −1 kutoka kushoto na 1 kutoka kulia. Wala si lazima pawe na kona, kwani kipeuo cha tatu cha x hakina kona wala hakikatiki, ila kwenye 0 tanjenti yake imesimama wima na mgawo unakua bila mpaka. Imani hii iliwahi kuwa na watetezi wakubwa. Mwaka 1806 mwanahisabati Mfaransa Ampère alijaribu kuthibitisha kwamba fanksheni huwa na derivativi isipokuwa katika nukta za pekee, na mwaka 1872 mwanahisabati Mjerumani Weierstrass aliwasilisha Berlin fanksheni yenye mwendelezo kila mahali na isiyo na derivativi popote. Kilicho kweli ni kinyume chake: derivativi ikiwepo, mwendelezo lazima uwepo.

Mwisho, si kweli kwamba kila kiungio kina kasoro, wala kwamba kiungio kinachoonekana laini hakina kasoro yoyote. Fanksheni iliyo x² pale x ≥ 0 na −x² pale x < 0 ina mwendelezo, na derivativi yake ni 2|x|, ikiwemo 0 kwenye kiungio. Ukichora grafu hiyo, jicho halitaona tatizo lolote. Lakini derivativi ya pili ni −2 upande wa kushoto na 2 upande wa kulia, na kwenye 0 haipo.